Bei ya tiketi inapandia mezani kwa bosi, sio Jumanne usiku

Mhariri,

Wiki iliyopita mmetoa ushauri wa namna ya kupata tiketi ya ndege ya nje kwa bei poa: nunua Jumanne usiku, futa historia kwenye simu kabla hujatafuta, na ukiweza subiri dakika za mwisho maana kampuni haitakubali siti iruke tupu. Tangu gazeti litoke wateja wanakuja dirishani kwetu wamelikunja kwapani wananisomea aya kwa aya. Mimi nakata tiketi, ofisi ndogo tu hapa Posta, Dar, na sina ugomvi na mwandishi wenu, ila naona ameongea yote akaruka lile moja linalowamaliza watu hela, nalo ni barua ya likizo. Mfanyakazi wa Bongo hanunui tiketi ghali eti kwa sababu amekosea siku ya wiki, ananunua ghali kwa sababu bosi amesaini likizo leo na safari ni wiki ijayo.

Ntafika huko, ngoja kwanza nimalizane na Jumanne.

Hiyo ya Jumanne ina asili yake. Zamani kampuni za Marekani zilikuwa zinaachia ofa Jumatatu jioni, washindani wakiona nao wanashusha, kwahiyo Jumanne mchana aliyekaa kwenye kompyuta alikuta bei zote ziko chini. Siku hizi bei zinapakiwa mara kibao kwa siku na kila siku, hata sisi tunaoshinda mbele ya skrini tunashtukia tu imebadilika. Siku yenye maana ni ile unayopanda ndege sio ile unayolipa, ukiruka katikati ya wiki mara nyingi unalipa pungufu kuliko anayeondoka Ijumaa au kurudi Jumapili, na hilo mtu yeyote anaweza kuliona kwenye kalenda ya bei ya Google Flights bila kuja kwangu.

Ya kufuta historia ya simu nayo watu wanaiamini kweli kweli. Kuna kaka mmoja kaja juzi amekasirika kabisa.

"Dada, jana usiku nimeangalia kwa mkono wangu ilikuwa dola 610, leo unaniambia 720. Si mmeniona nimetafuta sana mkapandisha?"

"Jana uliweka watu wangapi, kaka?"

"Niliweka mimi peke yangu, nilitaka nione kwanza bei."

Kumbe wanasafiri wanne. Sasa hapa nieleze kidogo maana ni kitu watu hawakioni. Kwenye skrini yetu ndege moja inatokea kama mstari wa herufi na namba, mfano Y9 B9 M9 K4 L2 V0. Hizo zote ni siti za nyuma kule kwetu, chakula kilekile, kubana magoti kulekule, tofauti ni bei na masharti. Kila kampuni inapanga herufi zake lakini kwa kawaida Y ndio ghali kuliko zote hapo na ukienda mbele ya mstari bei inashuka. Namba ni siti zilizobaki kwa bei hiyo, 9 maana yake tisa au zaidi, 0 imeisha. Yule kaka jana usiku alitafuta mtu mmoja, sistimu ikampa L kwa sababu L zilikuwepo mbili. Leo mimi nimeingiza wanne, sistimu haigawi, inatafuta herufi yenye siti nne kwa pamoja, inairuka L inaenda kukaa K, na wote wanne wanalipa bei ya K. Hakuna aliyemchungulia simu.

Dawa yake ipo, unaweka buking mbili, baba na mtoto mmoja kwenye L, mama na mtoto wa pili kwenye K, halafu unaandika humo humo kwamba hawa ni familia moja wakae pamoja. Usije ukawaweka wazazi kwenye L na watoto peke yao kwenye K, sistimu itawaona watoto wanasafiri bila mtu mzima na utaanza kupigiwa simu. Na ujue kwamba ndege ikiahirishwa buking mbili zinaweza kupangiwa ndege mbili tofauti, kwahiyo inabidi ukumbushe. Wengine wakisikia hivyo wanasema bora nilipe ya K wote nilale usingizi, nayo sio mbaya.

Na wenye watoto wachanga, tafadhali. Mtoto chini ya miaka miwili analipa kama asilimia kumi ya nauli ya mtu mzima na anakaa mapajani, lakini umri unaangaliwa siku ya kusafiri sio siku ya kulipa, na akitimiza miaka miwili mkiwa hukohuko safarini basi kurudi anahitaji siti yake. Watu wanasogeza safari wiki mbili mbele wakidhani wamepata ofa kumbe birthday ya mtoto imeangukia katikati, ofa yote imeishia hapo.

Haya, dakika za mwisho. Naelewa inapotoka hiyo imani, tumezoea Ilala jioni ikifika nyanya zinashuka kwa sababu kesho zitaoza. Siti ya ndege nayo inaoza kweli, ikiruka tupu hela yake haipo tena, lakini kampuni haifikirii hivyo. Kwenye kozi tulifundishwa mwanzo wake: Marekani serikali iliacha kupanga nauli mwaka 1978, zikaingia kampuni za bei chee, ndipo Januari 1985 American Airlines wakajibu kwa kuweka bei nyingi ndani ya ndege moja. Siti kadhaa za bei ya chini anapewa anayelipa mapema, siti nyingine zinafichwa kwa yule mfanyabiashara atakayekuja mbio kesho yake ana mkutano, ambaye halalamiki kwa sababu anayelipa ni ofisi. People Express waliokuwa wanawasumbua kwa bei za chini, kufika 1987 jina lao halipo tena angani. Dunia nzima ikaiga. Ndio maana bei nyingi za chini zina sharti la kulipa siku 21, 14 au 7 kabla ya kusafiri, ukivuka mstari huo herufi inafungwa hata kama nusu ya ndege ni tupu. Bei za dakika za mwisho zilizotajwa gazetini zipo, Ulaya huko, kwenye ndege za kukodi za watalii zinazouzwa pamoja na hoteli. Dar kwenda Istanbul wiki moja kabla hutazipata, utakutana na bei ya mtu wa mkutano.

Sasa lini ununue. Watu wanataka namba moja na haipo, inategemea ndege hiyo inajazwa na nani. Ndege zetu za Ulaya hazijazwi na sisi, zinajazwa na watalii na ndugu zetu wa diaspora. Julai na Agosti watalii wanakuja kuangalia nyumbu na kulala Zanzibar, katikati ya Desemba wanakuja tena pamoja na watu wa London na Minneapolis wanaorudi kula Krismasi kwa mama. Ukiangalia vizuri utaona kitu: kabla ya Krismasi ndege zinazoingia Dar ndio zimejaa, zinazotoka zina nafasi, halafu wiki ya kwanza ya Januari inageuka, zinazotoka ndio hazishikiki. Nauli ya kwenda na kurudi inaangalia nafasi ya kila upande, kwahiyo mtu wa Dar anayeenda Ulaya akaondoka Desemba 18 akarudi Januari 6 yuko kinyume na msafara, anaweza kupata bei ya adabu kabisa, wakati mwenzake aliyeondoka mwanzoni mwa Desemba akitaka kurudi tarehe 20 ale sikukuu nyumbani ndio anabanwa. Juni vilevile, shule zetu zinafunga mwanzoni mwa Juni wakati za Ulaya nyingi bado ziko darasani, ukienda wiki ileile shule zinapofunga ukarudi kabla Julai haijachanganya umewapita wote.

Dubai ni kinyume, Juni hadi Agosti joto la kule sio la binadamu na ndio bei ya ndege na hoteli inapolegea, Desemba mpaka mwaka mpya usiniulize. Guangzhou, China, kuna maonyesho makubwa ya biashara ya Canton mara mbili kwa mwaka, Aprili 15 hadi Mei 5 na Oktoba 15 hadi Novemba 4, Kariakoo nzima inahamia huko, sasa wewe unayeenda kutembea tu unaenda kugombania siti na mtu mwenye oda ya kontena kwa sababu gani. Jeddah kumi la mwisho la Ramadhani linajulikana, watu wanaenda umra, na kwa kuwa Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka usikariri mwezi wa mwaka jana.

Kipimo changu mimi, na mwingine anaweza kubisha, kwa miezi ya kawaida lipa miezi miwili mpaka minne kabla. Kwa Desemba uwe umelipa Julai hivi, na kwa Julai au Agosti uwe umelipa Februari au Machi. Mapema kuliko hapo sioni faida, kampuni zinafungua siti kama siku 330 hadi 360 kabla lakini zile bei za mwanzo kabisa mara nyingi sio za chini, wanaanza na za katikati wakiangalia upepo. Ukipata bei unayoimudu ndani ya muda huo ichukue na uache kuchungulia tena.

Na dola. Hata ukilipa shilingi, hesabu ya nauli chini yake ni dola, na shilingi yetu ina tabia ya kulegea nusu ya kwanza ya mwaka na kukaza nusu ya pili hela za utalii na mazao zikiingia. Mwaka 2024 katikati dola ilivuka 2,600, kufika mwisho wa Desemba ilikuwa karibu 2,400. Kwenye tiketi ya dola 700 hiyo ni laki na arobaini, sio hela ya kuokota, lakini ukisubiri shilingi ikaze huku herufi za chini zinafungwa utakuwa umeokoa huku umepoteza kule, kwahiyo mimi simshauri mtu kusubiri dola.

Viza ndio inayofanya watu waogope kulipa mapema na wana haki. Kwa Schengen, yaani ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, majibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15 ila wanaweza kuvuta mpaka 45, na ada tangu Juni 2024 ni euro 90 ambayo ukikataliwa hairudi. Ubalozi unataka kuona mpango wa safari, buking, hautaki ulipe tiketi kwanza. Omba miezi minne au mitano kabla, viza ikitoka bado bei ziko sawa. Anayeomba wiki tatu kabla anajikuta analipa tiketi isiyorudishika huku pasi iko ubalozini, au anasubiri viza huku bei inapanda, na vyote viwili nimevishuhudia hapa dirishani mpaka watu wakalia.

Hapo hapo niseme kuhusu buking maana kuna wajanja mjini. Buking ni herufi na namba sita tu, ina saa yake ya kufa, kesho au keshokutwa, na bei haijafungwa mpaka tiketi itoke. Tiketi ina namba 13 na tatu za mwanzo ni za kampuni, 176 ni Emirates, 157 Qatar, 235 Turkish, 071 Ethiopian, 706 Kenya Airways. Ukilipa mtu hela ukapewa zile sita tu bila zile 13 hujanunua kitu, rudi umkabe. Na wale wenye mtoto Marekani anayemkatia mama tiketi ya kwenda kumtembelea, sheria yao inataka kampuni impe mteja saa 24 za kughairi bila kukatwa au imshikie bei kwa muda huo, ili mradi amenunua moja kwa moja kwa kampuni na safari iko siku saba mbele au zaidi. Kwetu hatuna hiyo, kwahiyo kabla hujalipa uliza maswali matatu: kubadili tarehe ni shilingi ngapi, kurudisha ni shilingi ngapi, na nisipotokea inakuwaje. Ukikosa kupanda ndege ya kwanza mara nyingi hata ya kurudi wanaifuta, watu hawalijui hili mpaka wako eapoti ya watu.

Sasa nimefika kwenye barua ya likizo.

Mhariri, hayo yote juu, miezi minne, Julai kwa Desemba, viza miezi mitano kabla, yanamsaidia mtu anayejua tarehe zake. Wateja wangu wengi hawazijui. Kuna dada mmoja muuguzi, hospitali siitaji, yeye na mume wake walitaka kwenda Uturuki Septemba. Ameomba likizo Machi kwa maandishi. Akaambiwa subiri ratiba. Mei amekuja dirishani tukaangalia, V ilikuwa bado ina siti, akasema ngoja niwakumbushe, akaambiwa bosi yuko semina. Julai V ikawa sifuri, tukawa tunaongelea L. Mume wake ambaye yupo ofisi nyingine likizo yake ilishasainiwa zamani, akawa anamwambia mke wangu tulipe tu, yeye anamjibu nikilipa wakininyima je, na ana haki maana bei ya V ilikuwa hairudishiki. Agosti mwishoni barua ikasainiwa, tarehe zilezile alizoomba Machi, hakuna kilichobadilika hata siku moja. Tukafungua ndege, L hakuna, K hakuna, wakalipa M. Tofauti yake watu wawili ilikuwa inamlipia mtoto ada ya muhula. Na yule bosi hajui hata kama kuna kitu amefanya, kwake ilikuwa ni karatasi imekaa kwenye trei.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 28 mfululizo za likizo kwa mwaka, sikukuu zikiwa humo humo, na mwajiri ndiye anayeruhusiwa kupanga lini zichukuliwe, ili mradi zisipite miezi sita baada ya mzunguko wa mwaka kuisha, labda wakubaliane vingine kwa sababu za kazi. Sawa, apange, sina neno. Lakini kupanga sio kukaa kimya. Shule ambazo zina mamilioni ya watoto zinatoa kalenda ya mihula kabla mwaka haujaanza, kila mzazi anajua Juni lini na Desemba lini, halafu ofisi ya watu arobaini inashindwa kusema Januari kwamba fulani ataenda Septemba. Nawajua waajiri wachache wanaofanya hivyo, ratiba inabandikwa ukutani Januari, watu wanabadilishana wenyewe kwa wenyewe mpaka Februari halafu inafungwa, na hao wafanyakazi wao wakija kwangu ndio wale wanaokata tiketi kwa dakika kumi na kuondoka wanacheka.

Najua kuna watakaosema kwenda nje likizo ni mambo ya wenye hela waache walie. Sio kweli siku hizi, walimu wanaenda, manesi wanaenda, watu wanacheza mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu mwaka mzima ili waione Dubai mara moja na mke, na hao ndio tofauti ya dola 110 kwa kichwa inawafanya waahirishe. Tajiri hata haulizi herufi.

Kwa anayebanwa sasa hivi na bosi wa namna hiyo, kuna njia ya kujiokoa kidogo: usinunue bei ya chini kabisa, panda herufi moja au mbili mpaka uipate ile inayoruhusu kubadili tarehe bila faini au kwa faini ndogo, lipa mapema. Bosi akisogeza wiki utalipa tofauti ya nauli tu kama ipo. Inauma kidogo mwanzoni ila ni nafuu kuliko kununua wiki ya mwisho. Na ombi lako la likizo liandike barua yenye tarehe, ugongewe muhuri wa kupokelewa, maana maombi ya mdomoni yana tabia ya kusahaulika mwezi wa nane.

Na kama kuna mtu wa HR anasoma gazeti hili atuandikie hapahapa atuambie ni kitu gani hasa kinachosubiriwa kuanzia Machi mpaka Agosti, mimi kwa kweli ningependa kujua. Desemba hii ndege zinazorudi Dar kuanzia tarehe 15 zimeshaanza kufunga herufi za chini. Anayetaka aje na barua yake iliyosainiwa, au aje na namba ya simu ya bosi wake nimpigie mwenyewe.

Mkata tiketi,
Posta, Dar es Salaam